Miwani ya uhalisia pepe na mgonjwa asiyepona: jibu kwa mkufunzi wa wauguzi

Swali: "Mimi ni mkufunzi wa wauguzi hapa Nairobi. Wafadhili wametuletea miwani nne za uhalisia pepe (VR) zikiwa na programu kutoka Marekani, na mkuu wa chuo anataka tuzitumie kufundishia mawasiliano ya tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona. Baadhi ya wenzangu wanasema huo ni mchezo tu, kwamba kuzungumza na mgonjwa asiyepona hujifunzwa wadi. Wengine wanataka tuache kabisa maigizo ya darasani, miwani zifanye kazi yote. Nimekwama katikati. Miwani hizi zinaweza kufundisha nini hasa, na nianzie wapi?"

Sista, zipokeeni, lakini msizipe kazi zisiyoiweza. Kuna jambo moja ambalo miwani hizi hulifanya vizuri kuliko kitabu, kuliko video ya ukutani, na hata kuliko maigizo: humlaza muuguzi mahali pa mgonjwa, akayasikia maneno yetu jinsi yanavyomfikia aliyelala. Kuzungumza kwenyewe hazikufundishi. Mtu hujifunza kuzungumza kwa kinywa chake, mbele ya mtu mwingine anayeweza kunyamaza, kulia au kukasirika. Kwa hiyo wenzako wa pande zote mbili wameshika kipande kimoja kimoja cha ukweli, na kazi yako ni kuviunganisha.

Hao wanaoliita mchezo ningewaomba kwanza wautazame uzito wa jambo lenyewe. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2020 yaliweka wagonjwa wapya wa saratani nchini Kenya kuwa takribani 42,000, na vifo takribani 27,000. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasambaa. Ongeza wenye figo zilizochoka, moyo uliochoka, selimundu na UKIMWI uliokwisha kukomaa, kwa kuwa tiba shufaa si ya saratani pekee. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 56.8 duniani huhitaji huduma hii, na wanaoipata ni kama asilimia 14 tu. Tunapotaja pengo hilo huwa tunafikiria mofini, ile dawa kali ya maumivu, na vitanda. Ni kweli, lakini dawa huanza na mtu kuulizwa anaumia wapi, na akaaminiwa anapojibu.

Anayeulizwa maswali magumu ni muuguzi. Daktari hupita raundi asubuhi, akaandika, akaelekea kliniki. Saa nane usiku mgonjwa akiamka na kusema, "Sista, niambie ukweli, mimi nitapona?" aliye mbele yake ni muuguzi wa zamu, na wadi nzima inamsubiri. Majibu tunayotoa saa hiyo wewe na mimi tunayajua: "Usijali mama, utapona." "Hilo muulize daktari kesho." "Tumwombe Mungu." Hakuna ubaya ndani ya moyo wa anayesema hivyo, na sala ina nafasi yake kitandani. Lakini kila moja ya sentensi hizo, ikitolewa haraka, humwambia mgonjwa kwamba hapa hapana wa kuzungumza naye, naye hugeukia ukuta. Muuguzi hakuambiwa na mtu yeyote jinsi ya kufanya vinginevyo. Alifundishwa kufunga vidonda, kuweka dripu, kupima presha, kisha akaachiwa hili alifumbue mwenyewe.

Inafaa kuwakumbusha wanafunzi kwamba mwanzilishi wa tiba hii ya kisasa alianza kama muuguzi. Cicely Saunders alikuwa muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha daktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's jijini London, hospisi, yaani nyumba ya kuwahudumia wagonjwa wasiopona. Yeye ndiye aliyesisitiza kwamba maumivu ya mgonjwa yana pande za mwili, za nafsi, za kijamii na za kiroho, na kwamba mtu huyajua kwa kusikiliza. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990, jirani na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na imefundisha wauguzi wengi. Kwa hiyo huanzi kwenye jangwa.

Pia huanzi bila ramani. Mwaka 2000 madaktari Walter Baile, Robert Buckman na wenzao walichapisha utaratibu wa hatua sita wa kutoa habari mbaya, unaojulikana kwa herufi za mwanzo za Kiingereza, SPIKES: andaa mahali na watu, uliza anachokijua mgonjwa, uliza anataka kujua kiasi gani, mpe habari kwa maneno mepesi, zipokee hisia zake, kisha mpange hatua zinazofuata. Uliandikwa kwa ajili ya madaktari wa saratani. Kwa uzoefu wangu, muuguzi wa Kenya mara chache ndiye anayetamka utambuzi wa ugonjwa kwa mara ya kwanza. Hatua zake hasa ni ya pili, ya tatu na ya tano: kujua mgonjwa ameelewa nini, kujua anataka kuelewa nini, na kubaki naye habari ikishatua. Wakufunzi wengi hutumia muda wote kwenye hatua ya nne, ya kutamka, kwa kuwa ndiyo yenye hofu kubwa. Usifanye hivyo. Miwani zako zielekeze kwenye kusikiliza.

Sasa niseme jinsi zinavyofanya kazi. Mel Slater, mtafiti wa siku nyingi wa uhalisia pepe, alieleza kwamba nguvu yake hutokana na mambo mawili: mtu huhisi yuko pale, na huhisi kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli, ingawa akilini anajua si kweli. Katika maigizo ya darasani mwanafunzi anayeigiza mgonjwa bado ni yule mwenzao aliyekaa nao chakula cha mchana. Watu hucheka, hasa wanapoona aibu. Ndani ya miwani hakuna anayekutazama. Umelala. Unaona dari, dripu, na nyuso zinazokuinamia. Daktari amesimama miguuni anawaeleza wanafunzi kwa Kiingereza, anataja namba ya kitanda chako badala ya jina, mmoja anakutupia jicho kisha anaangalia chini. Muuguzi anashika shuka bila kukuambia anafanya nini. Dakika sita za hayo humwonyesha mtu kitu ambacho mhadhara wa saa mbili haukifikishi, kwa sababu anakutana na mwenendo wake mwenyewe ukimjia kutoka upande wa pili.

Faida nyingine husahaulika: wote wameona kitu kile kile. Wanafunzi wanapotoka wadi, kila mmoja ana kisa chake na hamwezi kukijadili sentensi kwa sentensi. Baada ya miwani, wote walimsikia muuguzi yule yule akisema maneno yale yale, na mmoja atakuambia yalimtuliza, mwingine kwamba yalimkata maini. Mjadala wa namna hiyo una thamani kubwa sana.

Kuhusu programu iliyokuja na miwani. Miongoni mwa zinazojulikana Marekani ni ya kampuni ya Embodied Labs, ambamo mwanafunzi anakuwa Clay, mwanamume wa miaka 66 mwenye saratani ya mapafu isiyotibika. Anapewa habari akiwa na familia yake, na baadaye anafikia siku zake za mwisho nyumbani. Ni kazi iliyofanywa kwa uangalifu, na kama yako ni hiyo au inayofanana nayo, itumie kama mlango wa kuingilia. Lakini usiishie hapo, kwa kuwa mgonjwa wa mtaa wa Kayole hapa Nairobi haishi maisha hayo.

Kwetu mgonjwa hazungukwi na watu watatu waliokaa kimya sebuleni. Saa ya kuona wagonjwa wanafika saba. Yupo mjomba aliyetoka ushago usiku kwa basi. Yupo mchungaji. Kifungua mimba yuko Qatar, anaongea kwa simu ya video na ndiye anayelipa, kwa hiyo neno lake ni zito kuliko la waliopo. Kundi la WhatsApp la mchango limeshaundwa, bili inajadiliwa kila jioni, watu mia moja wanaujua ugonjwa kwa jina, na mwenye ugonjwa hajaambiwa. Mgonjwa pengine anazungumza Kikamba au Kijaluo, muuguzi hajui, na anayetafsiri ni mjukuu wa darasa la sita. Hebu fikiria mtoto huyo akitakiwa kumwambia nyanya yake kwamba dawa hazisaidii tena. Ukiuliza wauguzi wako, wengi wameshuhudia jambo kama hilo, na wengine wameliomba wao wenyewe kwa kukosa njia.

Ndiyo maana ninakushauri mtengeneze visa vyenu. Haihitaji studio. Kamera ndogo inayopiga pande zote 360, iliyosimamishwa kwenye mto mahali pa kichwa cha mgonjwa katika wadi yenu ya mafunzo, waigizaji wachache wa jukwaani, na karatasi mbili za mazungumzo zinatosha. Vijana wa maigizo Nairobi hawakosekani, na wanajua kuongea kama watu. Mazungumzo yaandikwe na wauguzi wa wadi, pamoja na mtu aliyewahi kuuguza mzazi hadi mwisho, na yapitiwe na mtu wa hospisi. Msirekodi mgonjwa halisi, hata akikubali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la data nyeti, lakini hata kama sheria isingekuwapo, mtu aliye kwenye maumivu hana nafasi ya kukukatalia kwa uhuru.

Lugha iwe ya wadi. Waigizaji wakizungumza Kiswahili cha taarifa ya habari, mwanafunzi atagundua mara moja kwamba anadanganywa. Acha Kiswahili, Kiingereza na Sheng vichanganyike kama vinavyochanganyika. Acha watu wakatizane. Na acha kimya: baada ya mgonjwa kuuliza swali lake kuu, mwigizaji anayecheza muuguzi anyamaze sekunde kumi nzima. Ndani ya miwani sekunde hizo huonekana ndefu mno kwa anayetazama akiwa muuguzi, lakini kwa aliyelala kitandani ni nafasi ya kupumua. Ningependa kila mwanafunzi aupitie wakati huo mara mbili, kutoka pande zote mbili.

Kama nguvu yenu ni ya visa vitatu tu, ningechagua hivi. Kimoja ni cha mwana anayemvuta muuguzi korido na kumwambia, "Sista, tafadhali, mama asiambiwe. Akijua atakufa kabla ya siku zake." Hapa wanafunzi hugawanyika: nusu wanatii, nusu wanamhutubia kijana wa watu kuhusu haki za mgonjwa. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kweli inampa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, isipokuwa pale penye ushahidi mzito kwamba kumweleza kutamdhuru. Lakini huyo mwana hakuja kubishana na sheria. Anaogopa. Muuguzi anaweza kusema: "Naona unamlinda mama. Sitaenda kumwamsha nimpe habari asizoziomba. Ila akiniuliza mwenyewe, sitamdanganya, kwa sababu kesho hataniamini hata nikimwambia dawa hii ni ya maumivu. Yeye mwenyewe ameshawahi kukuuliza?" Mara nyingi jibu ni ndiyo, ameuliza, na mwana amekuwa akilibeba peke yake. Hapo mazungumzo yanakuwa na watu wawili wa upande mmoja.

Kisa cha pili ni cha shamba, na hiki ndicho ningetaka kila muuguzi wa Nairobi akifanyie mazoezi kabla hajavaa sare. Familia imeitana. Mtu amesikia kuhusu hospitali India. Kuna nusu ekari Murang'a au Vihiga, mnunuzi ameshapatikana, na kaka mkubwa anamfuata muuguzi dirishani kwa sababu daktari haonekani: "Sista, tukiuza tumpeleke, atapona? Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Swali hilo huulizwa kwa sauti ya chini na jibu lake hubadilisha maisha ya watu ambao hata hawajazaliwa. Najua wauguzi wanaojibu, "Mkiwa na pesa jaribuni, Mungu ni mwema." Najua pia wanaosema, "Hiyo si kazi yangu." Jibu la kwanza ni hatari, la pili ni ukatili, hata kama yametolewa kwa uchovu.

Muuguzi hawezi kutabiri, na asitabiri. Analoweza ni kuisimamisha haraka ile. "Afadhali umeuliza kabla hamjauza. Daktari amewaeleza nini kuhusu matibabu yanayobaki?" Kisha anasikiliza mpaka mwisho. Kama wamesikia "matibabu" na daktari alimaanisha kupunguza maumivu, pengo limeonekana. "Naomba msisaini chochote kabla hatujakaa na daktari sisi sote. Nitamwandikia sasa hivi kwenye faili kwamba familia inaomba kikao, na nitawaambia siku." Halafu swali ambalo karibu hakuna anayelikumbuka: "Na mgonjwa mwenyewe, shamba hilo angependa lifanywe nini?" Nimeona swali hilo likinyamazisha korido. Katika miwani mpeleke mwanafunzi mahali pa mgonjwa, pazia limevutwa nusu, akiyasikia yote haya yakijadiliwa hatua tatu kutoka kitandani kwake bila mtu kumgeukia. Usimweleze unataka ajifunze nini. Acha akae humo.

Kisa cha tatu kiwe cha mofini. Nyumbani Mathare, chupa ya mofini ya maji iko mezani, na dada wa mgonjwa anakataa kumpa kwa sababu "hiyo ni dawa ya watu wa kufa." Muuguzi aliyekuja nyumbani aanze kwa kumuuliza dada huyo amesikia nini na kutoka kwa nani, kwani huenda alimwona mtu akifa saa chache baada ya dozi ya kwanza na akaunganisha mambo mawili. Ndipo aeleze: mofini haimuui mtu inapotolewa kwa kipimo na kupandishwa polepole, hunywewa kila baada ya saa nne, siku za mwanzo inaweza kuleta usingizi na kichefuchefu ambavyo kwa kawaida hupungua, na kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo hutolewa sambamba nayo. Uliza, eleza, kisha uliza tena ameelewa nini.

Miwani ikivuliwa ndipo somo linapoanza. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo vyuo vingi vinapopoteza kila kitu: wanafunzi thelathini wanapita kwenye miwani mmoja mmoja, wanasema "aisee," wanajaza fomu, wanaenda nyumbani. Dakika sita za miwani zinahitaji angalau nusu saa ya mazungumzo. Usianze na "mmejifunza nini," utapata majibu ya mtihani. Uliza: ulipokuwa umelala pale, ni nani alikugusa? Ni neno gani ulitamani lisisemwe? Kulikuwa na wakati uliotaka kuuliza kitu ukakosa nafasi? Waache waseme kwa lugha yoyote. Baadaye, polepole, wageuze: kesho ukiwa umesimama wewe, ungeanza na sentensi gani?

Na sentensi hiyo waitamke. Hapa ndipo maigizo ambayo wenzako wanataka kuyatupa yanarudi, na sasa yana chakula ndani yake. Tangu daktari Mmarekani Howard Barrows alipoanza mwaka 1963 kuwafunza watu wazima kuigiza wagonjwa kwa ajili ya wanafunzi wa udaktari, njia hiyo haijapata mbadala. Wauguzi wastaafu wa mtaani kwenu wanaweza kuifanya vizuri sana, kwa sababu wamewahi kuwaona wagonjwa wa kweli kwa miaka. Wafanye mazoezi wawili wawili, mkufunzi pembeni, kisa kile kile walichokiona: "Mpaka sasa umeelezwa nini kuhusu ugonjwa wako?" "Ungependa nikueleze yote, au kuna mtu ungetaka awepo?" "Naona hilo limekuumiza. Niko hapa." Zinaweza kuonekana nyepesi kwenye karatasi, lakini kinywa kisichozizoea kitarudi kwenye "usijali mama" mara tu mgonjwa atakapotoa chozi. Na kuna sentensi moja ya kufuta kabisa: "Hakuna la kufanya tena." Si kweli. Dawa ya kuua saratani inaweza kuwa imefika mwisho, lakini maumivu, kichefuchefu, usingizi, kidonda chenye harufu, hofu ya watoto watabaki na nani, hayo yote yana kazi ya kufanywa, na aambiwe hivyo kwa maneno hayo hayo.

Nikuonye kuhusu machozi. Mwanafunzi atavua miwani analia, na wewe na mfadhili mtaona somo limefaulu. Kuvaa hali ya mtu kwa dakika chache kunaweza kuzaa huruma ya kumdharau. Arielle Silverman, mtafiti Mmarekani ambaye mwenyewe haoni, na wenzake walikuta kwamba watu waliofungwa macho ili waonje upofu walitoka wakiwaona vipofu kuwa na uwezo mdogo wa kujitegemea kuliko walivyodhaniwa na wale ambao hawakufanya zoezi hilo. Walionja mshtuko wa siku ya kwanza, hawakuonja maisha. Mgonjwa wako wa kwenye miwani naye ana hatari hiyo. Kwa hiyo kwenye kila kisa mpe mgonjwa jambo analoliamua: nani aingie, anataka kulala wapi, nani achukue kuku wake. Atoke kwenye kisa akiwa mtu mwenye neno lake.

Kulia kwingine kuna chanzo tofauti. Darasani kwako yupo aliyemzika mama yake mwaka huu, na yupo aliyefiwa na mtoto. Waambie wote siku moja kabla kisa kinahusu nini. Kila mtu aweze kuvua miwani wakati wowote bila kueleza sababu, asikatwe alama, na awepo mkufunzi wa pili ambaye kazi yake ni kutoka nje na atakayetoka. Bila mtu huyo wa pili ningeahirisha kipindi.

Mambo ya vifaa niyapitie haraka. Wakae kwenye kiti, na kamera isitembee: kizunguzungu huja macho yanapoona mwendo ambao sikio la ndani halikuuhisi. Anayechefuka upesi, mjamzito anayesumbuliwa na kichefuchefu, au mwenye kifafa atazame kisa hicho hicho kwenye skrini ya kawaida. Pakueni video zote ndani ya miwani mapema, msitegemee intaneti ya siku hiyo, na chajini usiku kwa kuwa betri nyingi hukaa kama saa mbili tu. Zisiachwe dirishani, jua likipita kwenye lenzi huunguza skrini. Futeni kila baada ya mtu mmoja, na mwe na vifuniko vya uso vya kubadilisha. Wenye rasta nene na wenye hijabu wapewe muda na faragha ya kurekebisha mikanda. Ni jambo dogo lakini mtu aliyeanza kwa kudhalilika hataona chochote ndani.

Utaletewa pia wazo la wagonjwa wa kompyuta wanaojibu mazungumzo kwa akili bandia. Kwa Kiingereza wameshafika mbali, na Marekani wapo waliowapima wanafunzi wa udaktari kwa wagonjwa wa aina hiyo. Kwa mazungumzo yetu ya kuchanganya lugha tatu katika sentensi moja, mitambo ya kutambua sauti bado huyumba, na mgonjwa anayejibu kitu tofauti na ulichomwambia humfundisha muuguzi kwamba mgonjwa hasikii. Ningesubiri.

Halafu pimeni, na pimeni kitu chenye maana. Tafiti nyingi za miwani hizi huuliza wanafunzi wanajiamini kiasi gani kabla na baada, na wengi husema wanajiamini zaidi. Kujiamini si ustadi. Muuguzi anayesema "utapona tu" anajiamini pia. Mwezi mmoja baadaye, kwa idhini ya hospitali na ya mgonjwa, mkufunzi akae wadini na aangalie mambo machache: je, alivuta kiti? Aliuliza kabla ya kueleza? Alinyamaza baada ya jibu gumu? Aliandika kwenye faili kile mgonjwa alichosema anakitaka, ili wa zamu ya usiku akikute? Na mgonjwa aulizwe kama kuna mtu aliyemsikiliza wiki hii. Majibu hayo ndiyo ya kumpelekea mkuu wa chuo anapotaka kujua kama miwani zinafaa.

Kwa muhula huu, chukua kisa kimoja tu, cha shamba, na kundi moja la wanafunzi kumi. Waandike mazungumzo wauguzi wawili wa wadi ya saratani na jamaa mmoja aliyeuguza. Andikia hospisi barua ukiomba kila mwanafunzi awe na siku za kushinda huko baada ya zoezi, akifuatana na muuguzi anayekwenda majumbani, na uanze kuandika barua hiyo kabla ya kugusa kamera, kwa sababu nafasi za huko hujaa mapema na kisa bila wadi ya kukipeleka kitabaki ndani ya miwani.